Jiwe la kuzibia ufa wa nyumba kongwe

Wewe uliyeanza uashi juzi ukaitwa Mji Mkongwe wa Zanzibar kuziba ufa, ngoja kwanza kuhesabu matofali na mifuko ya saruji. Mimi nilikimbilia huko mwaka wangu wa pili, kwenye nyumba ya bibi mmoja mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe. Nikajaza matofali ya saruji, nikapiga lipu ya saruji, ukuta ukawa laini kama sahani. Masika yalipokwisha bibi akaniita. Pale nilipojaza pazima kabisa, lakini kulia na kushoto mawe ya zamani yameachana, na chini lipu imetuna, ukiigusa inamwaga unga mweupe wa chumvi. "Mwanangu, umeondoka na ufa mmoja ukaniachia miwili." Nikavunja kwa gharama yangu.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene nusu mita au zaidi. Zinakunywa mvua kisha zinaitoa pole pole. Saruji inayafungia maji, nayo yatatokea pembeni pamoja na chumvi yake. Tena ni ngumu kuliko jirani zake: nyumba ikijisogeza kidogo, kinachopasuka ni kile kilaini.

Kwa hiyo sura ya jiwe isikushughulishe, lipu itaifunika. Tazama linavyokunywa. Anzia kifusi cha nyumba hiyo hiyo, uani na chini ya ngazi. Hakuna jiwe litakalolingana kuliko hilo. Likikosekana, tafuta nyumba jirani iliyoanguka, umwombe mwenyewe. Mawe ya machimbo ya shamba ni ya tatu. Limwagie kikombe cha maji: likinywa, chukua, maji yakitiririka tu, liache. Kisha lirambe. Utachekwa, nami nilichekwa, lakini ulimi hutambua upesi chumvi ya jiwe lililokaa pwani, na hilo liache. Matumbawe ya baharini usiyaguse kabisa, ni nyumba ya samaki.

Kabla ya yote hayo, ujue ufa umetoka wapi. Mara nyingi ni mfereji wa paa unaovuja, au kichwa cha boriti kimeoza ndani ya ukuta. Bandika kwa jasi kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa, andika tarehe. Kikivunjika, nyumba bado inatembea, na kuziba ni kupoteza chokaa. Ukisikia mchanga unachuruzika ndani ya ukuta, toka na utoe watu. Beit el Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitafute kabla hujapandisha ngazi.

Chokaa iliyozimwa kwa maji ilaze pipani chini ya maji wiki kadhaa. Fungu moja kwa matatu ya mchanga. Safisha ufa, lowesha mawe, na kila baada ya nusu mita hivi laza jiwe refu linalovuka ufa, lishike pande zote mbili. Lipu piga nyembamba nyembamba, kila tabaka ulipe siku zake, jua lisiikaushe ghafla.

Kwa bibi, kazi niliyoipiga siku mbili kwa saruji ilinichukua wiki tatu kwa chokaa. Kila asubuhi nikifika, nakuta ameshalowesha magunia niliyotundika ukutani, na ndoo yake iko pembeni.