Usikate siku ya Horombo: jibu kwa mleta uzi wa Masasi anayekwenda Kilimanjaro

Mkuu, usilipe hiyo pesa kwanza. Umeandika mko sita kutoka Masasi, mnataka kupanda Kilimanjaro Januari mkishapokea malipo ya korosho, njia ya Marangu, siku tano. Dalali amewaambia siku ya sita, ile ya kulala kambi ya Horombo mara ya pili mkipanda, "ni ya kupiga picha tu", muitoe mpunguze gharama. Ukauliza vivutio gani vya asili mvione, nguo, kamera na usafiri. Naanza na hiyo siku ya sita, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa na mimi, nikayaamini, nikaishia Gilman's Point, ukingoni mwa shimo kabla ya kilele, natapika, barafu nikaiona kwa mbali.

Chukua kalamu. Lango la Marangu liko takriban mita 1,880. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720. Namba zinakaririka kirahisi kwa kuwa zinapishana elfu elfu, na hapo ndipo ubaya ulipo. Madaktari wa mambo ya milima wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pale pale bila kupanda. Ratiba ya siku tano inakupandisha mara mbili ya kiwango hicho, usiku mbili mfululizo. Halafu saa sita ya usiku wa tatu huo huo unaamshwa kupanda mita 1,175 nyingine hadi kilele cha Uhuru, 5,895. Kule juu hewa unayovuta ina oksijeni karibu nusu tu ya ile unayoipata ukiwa Mtwara ufukweni.

Na msidanganyane kwamba nyie mmezoea Newala au Rondo. Kule tunavaa sweta asubuhi, kweli, lakini hakufiki hata mita 1,000. Baridi na mwinuko ni vitu viwili tofauti. Kucheza mpira nako hakumkingi mtu. Vijana wenye nguvu ndio wanaoanguka mapema, maana wanatembea haraka siku mbili za kwanza, mwili ukiwa haujajua umepelekwa wapi.

Siku ya ziada inafanya kazi hivi. Ukipanda, mwili unaanza kuvuta pumzi nyingi na nzito ili ufidie oksijeni. Kupumua huko kunatoa hewa chafu nyingi kupita kawaida, damu inabadilika, na ubongo unaamuru upunguze kupumua. Figo ndizo zinazorekebisha hali hiyo kwa kumwaga chumvi fulani kwenye mkojo, na figo hazifanyi kazi hiyo kwa saa mbili. Zinataka siku nzima, mbili, tatu. Ndiyo maana ukiwa Horombo utakwenda chooni mara nyingi usiku, na hiyo ni dalili nzuri. Anayekwambia "damu itaongezeka" ndani ya siku tano anabahatisha, kwa sababu chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa kuongezeka.

Sasa hapa ndipo dalali wenu alipoharibu zaidi. Hiyo siku anayoiita ya picha, ambayo kwenye ratiba inakaa siku ya tatu, unaondoka Horombo asubuhi bila mzigo, unapanda taratibu saa moja na nusu hivi hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000. Ukiwa mzima unaendelea kidogo hadi panapofunguka mbele yako Saddle, uwanda mkavu kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Unakaa, unakula, unashuka kulala Horombo pale pale. Panda juu, lala chini. Mwili umeonjeshwa mwinuko wa kesho na umerudishwa kupumzika. Kivutio na dawa viko kwenye njia moja, siku moja. Ukiikata umepoteza vyote viwili, halafu unakwenda kuuliza jukwaani vivutio gani vya kuona.

Na Zebra Rocks si "mawe tu", kama nilivyoambiwa. Ni ukuta wa mawe meusi ya volkano, umeinama juu ya kichwa chako kama ukingo wa paa, na umechirizwa mistari myeupe kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyepaka rangi. Maji yanatoka juu yakiwa na madini, yanachirizika yakifuata njia zile zile, yanakauka, yanaacha weupe. Simama karibu uutazame mstari mmoja: unaanza mwembamba kama uzi, unapanuka unaposhuka, na pembeni yake jiwe limebaki jeusi tii. Nenda asubuhi, maana mawingu yakishapanda kutoka msituni mchana hutaona rangi vizuri.

Njiani kurudi, angalia bondeni karibu na Horombo kuna miti mirefu kuliko mtu, shina nene, vichwani ina majani kama kabichi kubwa. Hiyo ni senesio ya Kilimanjaro, haioti pengine popote duniani. Majani yake yakifa hayaanguki, yanabaki yamelivika shina kama koti, ndivyo linavyokinga maji yaliyo ndani yasigande usiku. Jirani zake ni lobelia, ambazo hufunga majani yake jioni kulinda kitovu na kufungua jua likitoka. Pita saa kumi na mbili jioni, kisha pita saa tatu asubuhi, utaona mmea ule ule una maumbo mawili. Msiyang'oe wala kuyachuma majani makavu kwa kuni, mnaua mti.

Kwa hiyo kibali chenu kisome hivi, usiku kwa usiku: Mandara mmoja, Horombo miwili, Kibo mmoja, Horombo mmoja wa kushuka. Siku sita. Ikiwa karatasi ya dalali ina Horombo mmoja tu wa kupanda, irudishe. Na ifanyeni sasa hivi mkiwa Masasi, kwa sababu vitanda vya njia ile vinapangwa kwa siku zilizolipiwa. Ukifika Horombo kichwa kinapasuka ndipo uanze kuomba usiku wa ziada, umechelewa.

Dalali atawaambia msiogope, kuna mtungi wa oksijeni. Mtungi ule ni wa kumshusha mgonjwa. Anayewapa mtungi kama sababu ya kukata siku anawauzia jeneza na kuliita kitanda. Atasema pia mmeze Diamox. Ni dawa ya kweli, asetazolamidi, inasaidia zile figo nilizozitaja, na daktari anaweza kukuandikia. Lakini ina watu isiowafaa, hasa wenye mzio wa dawa za salfa, na haigeuzi ratiba mbaya kuwa nzuri. Kitunguu saumu na tangawizi mnywe kwa ladha, si kwa kinga.

Nisiposema hili nitakuwa nimekosea. Kusini kwetu watu wengi wana vinasaba vya selimundu bila kujua, kwa kuwa wanaishi nao bila kuugua. Kwenye mwinuko mkubwa oksijeni ikipungua, hata mwenye kinasaba kimoja tu anaweza kupata maumivu makali ya bandama, ubavu wa kushoto. Pimeni kabla ya safari. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende kabisa. Pimeni na malaria siku mbili kabla ya kuondoka, maana maumivu ya kichwa, uchovu na kichefuchefu vya mlimani vinafanana sana na malaria, na mtu wa pwani akivipata Horombo anajisemea "ni malaria yangu ya kila siku", anameza mseto, anaendelea kupanda. Ukiwa na majibu safi mfukoni, hutajidanganya.

Kanuni za kambini ni chache. Kichwa kinauma na chakula hakipandi: husogei juu hata hatua moja mpaka upoe. Hali inazidi: unashuka. Mwenzenu anapepesuka, mchoreeni mstari chini atembee kisigino kikigusa vidole; akishindwa, ubongo unavimba, anashushwa usiku ule ule, hamngoji kuche. Anahema akiwa amekaa tu, anakohoa na mate yana povu la pinki, ni mapafu, naye anashushwa hapo hapo. Hata mita 500 hadi 1,000 za kushuka zinaokoa mtu. Kiongozi wenu wa mlima akisema geuka, geukeni. Yeye hana faida yoyote katika kuwanyima kilele.

Vingine vya kuona nitavipanga kwa kanuni hiyo hiyo, maana karibu vyote ni vya kupanda kidogo kisha kushuka kulala. Mandara, badala ya kujitupa kitandani saa tisa, nendeni Maundi, shimo la volkano ndogo ya zamani, dakika kama kumi na tano kutoka kambini. Zungukeni ukingo wake, hali ya hewa ikiwa safi mtaona tambarare za Kenya. Baada ya Horombo mnapita mahali paitwapo Last Water Point, chanzo cha mwisho cha maji. Kibo hakuna kisima, kila tone linabebwa na wapagazi. Jazeni hapo, na mnywe lita tatu hadi nne kwa siku. Kisha mnaingia Saddle yenyewe, kulia Mawenzi wenye meno, mita 5,149, mbele Kibo. Mawenzi ni wa kutazama. Kuupanda ni kazi ya wenye kamba na ujuzi wa miamba.

Mnaomudu siku saba, achaneni na Marangu mwende Machame. Ile njia imejengwa juu ya hiyo kanuni: mnalala Shira mita 3,840, mchana mnapanda hadi Lava Tower, mnara wa mawe ya volkano ulio karibu mita 4,600, mnakula hapo, kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Bonde la Barranco lina msitu mnene wa senesio kuliko popote mtakapopita, na asubuhi mnapanda ukuta wake kwa mikono na miguu. Mkiweza nane, Lemosho, inayovuka uwanda wa Shira wote kutoka magharibi.

Barafu. Ndiyo mnayoifuata, najua. Kutoka Kibo usiku mnapita pango la Hans Meyer, mita 5,150, halafu changarawe zinazoteleza hadi Gilman's, 5,685. Wengi wa siku tano wanaishia hapo, mahali ambapo barafu bado iko mbali. Ili uikaribie unahitaji saa moja na nusu hadi mbili nyingine kwenye ukingo wa shimo, kupitia Stella Point, na nguvu za saa hizo mbili zinatoka kwenye ile siku ya Horombo. Kuanzia Stella, mkono wa kushoto ni barafu za kusini: Rebmann, Decken, Kersten. Mkono wa kulia, chini ndani ya shimo, ni mabaki ya Furtwängler, na ng'ambo yake uwanja wa barafu wa kaskazini. Mtashangaa kwamba haikai kama theluji iliyomwagika. Imesimama wima kama ukuta wa nyumba, na ukiitazama vizuri ina matabaka, jeupe, la kijivu, jeupe, kila tabaka ni theluji ya zama zake. Jua linaila kwa ubavu, na kwa ukavu wa hewa sehemu kubwa inageuka mvuke bila hata kuwa maji. Itazameni mkiwa mbali na miguu ya kuta hizo, zinameguka. Kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo la barafu ya mlima huu lilipotea, na UNESCO mwaka 2022 ilionya kwamba barafu za urithi wa dunia zilizoko Afrika huenda zikaisha ifikapo 2050. Hapo ndipo hasira yangu na yule aliyenikatia siku inapotoka: barafu haitanisubiri nichange tena.

Januari ni sahihi, msibabaishwe na mvua ya kwetu. Huku kusini Januari tuko shambani kwenye tope, kule mlimani ni kipindi kikavu hadi mwanzoni mwa Machi. Usiku wa kupanda kileleni upangwe karibu na mwezi mpevu kama mnaweza, changarawe zinaonekana bila tochi. Nguo mzikodi au mzitafute mitumbani Moshi, msinunue jaketi mpya Mtwara. Chupa za maji ziwe za kudumu, zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani, na usiku wa kileleni zigeuzeni kichwa chini ndani ya soksi, barafu huanzia juu.

Dalali akishawarudishia ratiba, iweke hapa usiku kwa usiku na mita za kila kambi, kabla hamjatuma hata shilingi.