Nani Kaichoma Pamba? Kufundisha Falsafa ya Zama za Kati kwa Mahadhi ya Bongo Fleva

Ukitaka kuugeuza wimbo unaovuma uwe somo la historia au falsafa, anza na kiitikio. Walimu wengi huanza na ubeti, wakaujaza majina na miaka, kisha kiitikio wakakiacha kiwe cha kuchangamsha tu. Muhula ukiisha, kinachobaki kichwani mwa mwanafunzi ni kiitikio, na ndani yake hamna kitu. Hoja yenyewe ndiyo ikae pale panaporudiwa.

Nafundisha falsafa ya zama za kati kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni ubishi wa wanafikra wawili wa Kiislamu, al-Ghazali na Ibn Rushd, kuhusu pamba na moto. Al-Ghazali alimaliza kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, mwaka 1095. Kina mijadala 20, na huu ni wa 17. Hoja yake ni hii: pamba ikigusana na moto, inaungua. Hilo kila mtu analijua. Lakini tunaona nini hasa? Tunaona kuungua kunatokea pale vinapogusana, basi. Kwamba moto ndio ulioiunguza, hilo hatujaliona. Moto hauna uhai wala hauwezi kutenda. Mtendaji ni Mungu, na sisi tumezoea tu kuona mambo haya mawili yakifuatana.

Kwa hoja ya namna hii nilitafuta wimbo wa mapenzi wa polepole ambao kiitikio chake tayari ni swali. Mahadhi yake yalichukua mizani nane bila taabu, tukaweka:

Nani kaichoma pamba?
Moto, ama ni Muumba?

Nusu ya darasa inaimba hivyo. Nusu nyingine inajibu kwa sauti ya Ibn Rushd, aliyeandika Tahafut al-Tahafut kukijibu kitabu kile. Yeye anashikilia kwamba anayekana sababu za vitu amekana akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake:

Kukana kila sababu
ni kuvifunga vitabu.

Wanafunzi wetu wamekulia kwenye mipasho ya taarabu na malumbano ya washairi, kwa hiyo kujibizana hakuhitaji maelezo. Kinachohitaji uangalifu ni miaka. Ukiwaimbisha hawa wawili wakijibizana, darasa litaamini walikaa baraza moja. Al-Ghazali alifariki 1111. Ibn Rushd alizaliwa Córdoba mwaka 1126. Kati ya sauti hizo mbili tunasimamisha makofi, mmoja anaita miaka hiyo kwa sauti kavu, kisha tunaendelea. Ukimya ule ni sehemu ya somo.

Singeli sikushauri kwa hoja. Kasi yake inafaa orodha ya wafalme. Pia jihadhari na wimbo wenye maneno machafu, kwa maana maneno ya awali hayafutiki. Mwanafunzi anayasikia chini ya yale yako.

Kisha, tafadhali, usiishie kwenye wimbo. Kipindi kinachofuata nawauliza: wimbo wetu umemwonea nani? Hapo ndipo tunasoma al-Ghazali mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu kile kile, akisema kwamba maelezo ya wataalamu wa falaki kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi yana uthibitisho wa hesabu, na anayeyapinga kwa jina la dini anaidhuru dini. Aliyeishia kuimba angeondoka akidhani huyu ni adui wa sayansi. Linaniuma sana kosa hilo, maana limeenea hata kwa watu wazima waliosoma.

Na mwenzako wa ofisini akikuambia hiyo si kazi ya kisomi, mwambie kwamba Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, aliiandika tiba kwa mashairi, beti zaidi ya 1,300, ili wanafunzi waihifadhi. Aliyekaa akaliandikia shairi hilo kitabu cha ufafanuzi ni Ibn Rushd huyu huyu.

Sasa ninaandaa wimbo wa Anselm, aliyetaka kuthibitisha kwa hoja tupu kwamba Mungu yupo, na mtawa Gaunilo, aliyempinga kwa mfano wa kisiwa kilicho bora kuliko vyote. Anselm alitaka pingamizi hilo linakiliwe pamoja na kitabu chake, likifuatiwa na majibu yake. Kwa hiyo safari hii ubeti wa mpinzani utakuwa mrefu, na kiitikio nitampa yeye.