Taa ya oili kuwaka kwenye kona ndefu
Mkuu, umeuliza kwa nini taa ya oili inawaka kwenye kona ndefu za uwanja wa mbio wakati stiki inaonyesha oili imejaa. Oili ipo, ila haipo pale pampu inapofyonza. Ukikata kona kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), mdomo wa bomba la kufyonzea unabaki wazi na pampu inavuta hewa. Beringi za krenki, yaani zile zinazobeba mhimili mkuu wa injini, hazivumilii hilo hata sekunde chache. Matairi laini ya mashindano yanazidisha tatizo, maana gari linashika zaidi na oili inasukumwa zaidi.

Pima oili kila ukitoka uwanjani na uiweke kwenye alama ya juu. Kisha funga sampu yenye vizuizi ndani, vile vyenye vilango vinavyoruhusu oili kuingia katikati lakini si kutoka. Mfumo wa tangi la nje, ambapo oili inatunzwa kwenye tangi nje ya injini badala ya sampu, ndio dawa kamili, ila ni gharama na kazi kubwa.

Taa usiitegemee, huwaka presha ya oili ikiwa imeshaanguka mno. Weka geji ya presha ya oili. Na tafadhali, kabla hujarudi uwanjani kata filta ya oili, tandaza karatasi yake juani uangalie kama ina chembe za chuma zinazong'aa. Ukiziona, usiwashe tena injini hiyo. Fungua beringi kwanza.