Maswali ya Wasomaji: Mkokoteni wa kuni unawakaba ng'ombe

SWALI: Tukitoa kuni porini kwa mkokoteni wa magurudumu mawili, nira inapanda na kamba inawakaba ng'ombe kooni. Tunakosea wapi? – Msomaji, Sikonge, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, kosa liko kwenye upakiaji. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli (mhimili unaounganisha magurudumu), mti wa kuvutia huinuka na kuvuta nira juu. Anza kupanga magogo mazito juu ya ekseli na mbele yake kidogo, yakilala kwa urefu wa mkokoteni. Matawi ndiyo yakae nyuma. Kabla ya kufunga ng'ombe, inua ncha ya mti huo. Mtu mmoja aiinue kwa kujikaza kidogo. Ikipanda yenyewe, sogeza kuni mbele. Ikihitaji watu wawili, rudisha nyuma, maana shingo zitachubuka.

Funga mzigo mbele na nyuma. Kuni mbichi zina maji mengi, basi punguza kimo, hasa kwenye mchanga wa Tabora. Mbuga ikilowa, zungukeni hata kama ni mbali: gurudumu likizama upande mmoja, ekseli inaweza kupinda. Na kibali cha misitu kiwe mkononi kabla hamjapakia.