Brashi ya kunyolea: mpini wa pembe na mafundo ya uzi

Ndugu yangu wa Mbarara, umeuliza kama kamba ya katani itafaa kwa mafundo ya mapambo kwenye brashi ya kunyolea yenye mpini wa pembe ya ng'ombe wa Ankole. Achana na katani, hukwaruza kiganja. Tumia uzi wa pamba uliosokotwa, unene wa milimita 1 hadi 2.

Kata pembe upande wa ncha, palipo pazito pasipo na uwazi. Singa zibandike kwa gundi ya epoksi; gundi nyeupe ya mbao itaachia kwa maji.

Kazi yenyewe ni fundo. Lisuke likiwa legelege kuzunguka mpini, kisha ufuate njia ileile mpaka nyuzi 3 zilale sambamba, bila kupandana. Kukaza ndiko kunakowashinda wengi: vuta kidogo kidogo kwa msumari butu, kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho, halafu rudia mzunguko. Ukilivuta kwa nguvu mara moja litapinda. Likikaa sawa, paka vanishi nyepesi, ikauke, upake tena hadi uzi usinywe maji.

Na tafadhali usiifunike pembe yote. Rangi zake ni nzuri mno, acha zionekane.