Nimeuza jiko la mkaa, sasa nyumba nzima imeninunia

SWALI
Shikamoo mama. Ninaishi Buhongwa, Mwanza, na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Misungwi mwaka jana. Mwezi wa tatu niliamua nyumba yetu ibadilike, tupunguze mkaa, takataka na matumizi yasiyo ya lazima. Nikanunua mtungi wa gesi, nikauza jiko la mkaa, nikakataza soda za chupa za plastiki, nikachimba shimo la mboji. Yote ndani ya mwezi mmoja. Mtungi wa kilo 6 haukufika hata siku ya 18, kwa sababu ya maharage. Mama mkwe anasema ugali wa gesi haunogi, mume anasema nimemletea gharama, watoto wamenuna. Nikaze, au nirudi nilikotoka?
Msomaji, Buhongwa

JIBU
Marahaba, mwanangu. Usirudi. Lakini kesho kanunue jiko lingine la mkaa, safari hii lile banifu lenye udongo wa kuchoma ndani. Mimi hapa Mabatini imenichukua miaka sita kufika nilipo, na mkaa kidogo bado upo nyuma ya mlango wa jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nchi nzima imejipa miaka 10. Wewe ulijipa mwezi mmoja.

Anza na maharage, maana ndiyo yaliyokumalizia mtungi. Yachambue, yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji kwenye mche wowote ulio karibu, weka maji mapya na uyabandike kwenye sufuria nzito. Yakianza kutokota hesabu dakika 25, mfuniko ukiwa juu. Hapo usikate kona: maharage, hasa mekundu, yasipochemka barabara kwa angalau dakika 10 yanaumiza tumbo vibaya. Kisha epua sufuria ikiwa bado inatokota, usifunue kuchungulia, itumbukize kwenye kapu kubwa ulilotandika blanketi kuukuu chini na pande zote, gandamiza mto wa sufi juu yake, uende zako. Mimi nafunika saa mbili asubuhi, nikirudi kutoka Kirumba saa saba yameshaiva. Yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uyaunge kwa nyanya na kitunguu. Makande nayo ni vivyo hivyo, ila yachemshe muda mrefu zaidi kabla ya kufunika. Wali ukishachemka dakika tano unamalizikia kapuni.

Kinachoivisha chakula ni joto. Likishaingia kwenye sufuria, kazi yako ni kulizuia lisitoke. Ule moto tunaouacha uwake saa mbili nzima chini ya maharage, mwingi wake unapasha hewa tu. Kwangu gunia la mkaa lililokuwa likiisha wiki tatu, kapu peke yake lililifikisha wiki sita. Nilikuwa naandika tarehe ya kila gunia kwenye daftari la jikoni, na siku baba watoto aliposoma zile tarehe mbili, ubishi wa gharama uliishia hapo. Nawe andika. Gesi iwe ya chai, mayai, mboga za haraka na kupasha kiporo. Ugali wa mama mkwe usongwe kwenye mkaa kama anavyopenda. Ni dakika chache, na moto huohuo unaweza kuchomea samaki.

Sasa huyo mama mkwe. Ulimweka upande wa wapinzani, na mimi naona ndiye mwalimu uliyenaye ndani ya nyumba. Mwanamke wa Kisukuma aliyelea watoto bila friji anajua kukausha majani ya kunde yakawa nsansa, anajua kuanika viazi vitamu vikawa michembe au matobolwa vya kulia miezi ya njaa, na pengine anajua hata kusuka hilo kapu ninalokwambia. Mwombe akufundishe. Usimwombe kwa ujanja wa kumlainisha, mwombe kwa sababu unahitaji kujua. Mama mkwe wangu alifariki kabla sijamuuliza namna alivyokuwa akihifadhi kunde zisiliwe na wadudu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Shimo la mboji nakuomba ulifukie kabla ya vuli ikiwa kiwanja chako kina mteremko. Langu nililichimba juu ya kibaraza, nikajaza maganda ya ndizi, ya viazi na mifupa ya sangara. Mvua moja ya Novemba ikalizoa lote, likapita mlangoni kwa jirani yangu na kuingia kwenye mtaro. Nilikwenda kuomba radhi na fagio mkononi. Nilipokuwa nafagia ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nakijua siku zote bila kukifikiria: mtaro ule unaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia Ziwa Victoria, na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa kutoka ziwa hilohilo. Siku hizi natumia ndoo kuukuu yenye mfuniko na matundu chini, iliyoinuliwa juu ya mawe. Napanga tabaka la maganda, tabaka la majani makavu. Mifupa na vichwa vya dagaa siviweki, vinaita panya na nzi.

Mboji ikiwa nyeusi na haina harufu, ipeleke kwenye viroba. Sisi wa milimani hatuna udongo, lakini mawe tumejaliwa. Simamisha nguzo ya kokoto katikati ya kiroba ili maji yashuke hadi chini, jaza udongo na mboji kuizunguka, toboa pembeni upandike matembele, juu mwagia mbegu za mchicha. Maji uliyooshea mboga yanatosha kunyweshea. Kila mtoto awe na kiroba chake.

Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo hapo una nusu ya kazi tayari. Ukienda soko la Mwaloni kununua samaki chukua ndoo yenye mfuniko, basi.

Na soda ziache kwanza. Mchicha hukaa kama wiki nne hivi mpaka kuchumwa. Watoto wakishakula waliouotesha wenyewe, wakae na bibi yao na wewe, ndipo mzungumzie chupa.