Kabla hujaandika "sisti ya araknoidi"

Wadogo zangu wa radiolojia, wiki hii nimefuta tena sentensi ileile kwenye ripoti: "Sisti ya araknoidi, haina madhara." Yaani kifuko cha maji tu kwenye utando wa ubongo. Iko kwenye pembe ya serebelo na ponsi, nyuma chini ya ubongo, DWI (picha ya MRI ambamo kinachobana mwendo wa maji huwaka) ipo na haijafunguliwa. Namuuliza aliyeiandika, ananijibu, "Kwenye T2 inafanana na maji, dokta." (T2 ni picha ya MRI ambamo maji hung'aa.) Haya, sogeeni.

1. DWI kwanza. Nikiwa mwaka wa pili wa uzamili aliletwa mama mwenye maumivu ya shavu yanayokuja kwa mshtuko. Alikuwa ameshang'olewa magego upande huo na maumivu yakabaki palepale. Tulikuwa na CT tu, bila kontrasti. Nikaona weusi pembeni ya ponsi, nikaweka kiduara, HU (kipimo cha uzito wa kivuli kwenye CT) zikasoma za maji ya ubongo, nikaridhika. Nikaandika sisti ya araknoidi, kwa mkono usiotetemeka. Akarudi nyumbani na karbamazepini, dawa ya maumivu ya neva. Aliporudi kwetu alikuwa anayumba akitembea. Safari hii alipigwa MRI: kwenye FLAIR (picha inayozima maji ya ubongo) ile "sisti" haikuzimika, ilibaki na uchafuchafu, na kwenye DWI iliwaka kama taa ya bodaboda. Epidamoidi, uvimbe uliojaa chembe za ngozi. Imepenya kila upenyo, imeizunguka ateri ya basila na kuimeza neva ya tano, ile ya hisia za uso. Araknoidi husukuma vitu, epidamoidi huvikumbatia, na ukuta wake hung'ang'ania neva kiasi kwamba mpasuaji mara nyingi hulazimika kuacha kipande. Nikaifungua tena CT yangu. Kingo zenye vinundu zilikuwepo tangu mwanzo, zinanitazama. Mama yule alinikuta koridoni, akanishukuru kwa jinsi nilivyomtoa hofu mara ya kwanza. Afadhali angenitukana.

2. Araknoidi ya kweli huzimika kabisa kwenye FLAIR, ila kwenye fosa ya nyuma (shimo la nyuma la fuvu) mtiririko wa maji huleta weupe wa uongo, ndiyo maana nasema DWI.

3. Pima pande tatu. "Kubwa kiasi" si kipimo. Ikiwa fosa ya kati, taja daraja la Galassi, mpangilio wa sisti hizo kwa ukubwa na umbo. Wapasuaji watakuuliza tu.

4. Kidonge cheupe kwenye CT, juu kwenye ventrikali ya tatu (chumba cha maji katikati ya ubongo), jirani na matundu ya Monro yanayopitisha maji hayo, ni sisti ya koloidi, kifuko cha ute mzito, mpaka ithibitike vingine. Si saratani, lakini ikiziba njia ya maji mtu anaweza kufa ghafla. Piga simu. Kuna mwenzenu, sasa ni bingwa kwa hiyo simtaji, aliiandika vizuri kabisa, akaituma kwenye mfumo, akaenda kula chipsi mayai. Wadi ikaiona asubuhi. Mgonjwa alipona, yeye chipsi hazijawahi kumshuka vizuri tena zamuni.

5. Kifafa kilichoanza ukubwani, mgonjwa katoka Mbulu au kokote nguruwe wanakozurura: tafuta kitone cha skoleksi (kichwa cha tegu wa nguruwe) ndani ya kifuko, na usisahau kuchungulia ventrikali ya nne.

6. Sasa msianze kupiga king'ora kwa kila kinachong'aa. Vifuko vya pleksi ya koroidi, tishu inayotengeneza maji ya ubongo, kwa wazee hung'aa kwenye DWI, kulia na kushoto, na havina neno. Kadhalika sisti ya tezi ya pineali ya milimita sita kwa mtu aliyepigwa picha kwa sababu ya ajali: iandike kwa mstari mmoja, useme ni ya kawaida, maana ripoti hiyo ataisoma shemeji yake kwenye daladala.